Kosa la Kukata Chuma Bila Njaa

Kukata chuma cha chombo cha moto na kukiunga upya si kosa katika nchi hii. Nasema hivyo kwa sababu naiona kazi hiyo ikifanyika mchana kweupe, kando ya barabara kuu, mbele ya macho ya dola, kila siku ya Mungu. Shuka Ipogolo pale Iringa utazame pikipiki zinazopanda kuelekea mjini zikiwa zimebeba mbao, mkaa na madumu ya ulanzi. Nenda Uyole, Mbeya, uone zile zinazoshusha viazi kutoka Uporoto na ndizi kutoka Rungwe. Chache sana kati yake zimebaki kama zilivyotoka kiwandani. Keria imerefushwa kwa nondo. Mkono unaoshika gurudumu la nyuma umeongezewa bapa la chuma. Shokapu zimeondolewa zikawekwa nyingine ngumu zaidi, na pengine zimeongezwa zikawa nne pale mtengenezaji alipoweka mbili. Yote hayo yamefanywa na mchomeleaji chini ya mparachichi, bila mchoro wala fomu, na pikipiki ikarudi kazini siku ileile.

Kosa huanza pale kijana anapokata chuma kilekile kwa grenda ileile, lakini hana gunia la viazi la kujitetea nalo. Amekata kwa sababu anaipenda pikipiki yake na anataka iwe na umbo alilolibuni mwenyewe. Hapo ghafla dola inakumbuka kwamba ina sheria, ina kadi ya usajili, ina viwango. Tumezoea kumvumilia maskini anapovunja utaratibu kwa njaa. Hatujui la kumfanya maskini anayetengeneza kitu kizuri.

Naandika kuhusu chopa, na lazima nieleze, maana kwa Mtanzania wa kawaida chopa ni helikopta, hasa ile inayotua uwanjani wakati wa kampeni na kuwapulizia vumbi wapiga kura. Chopa ninayoizungumzia haipai. Ni pikipiki iliyokatwa na kupunguzwa mpaka ikabaki mifupa: gurudumu mbili, injini, tangi dogo, kiti cha mtu mmoja. Asili yake ni Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, pale askari waliorudi nyumbani walipoanza kuondoa mabati na vikorokoro vyote vizito kwenye pikipiki zao. Aina inayopendwa zaidi na wajuzi ni ile isiyo na shokapu za nyuma kabisa. Fremu yake hushuka kwa mstari mmoja mnyoofu kutoka kwenye shingo ya usukani hadi kwenye ekseli ya nyuma, nayo Wamarekani huiita kwa jina lenye maana ya mkia mgumu. Msomaji asidhani hilo ni jambo la ajabu. Baiskeli ya Foniksi iliyombeba babu yake pamoja na gunia la mahindi ina mkia mgumu vilevile, na ndiyo maana kiti chake kina springi.

Kijana aliyenifanya niandike haya anaishi Mbeya. Sitamtaja jina, wala sitataja kituo kinachoishikilia pikipiki yake, kwa kuwa shauri lenyewe halijaisha na ninayoyapinga ni makubwa kuliko askari mmoja. Alijifunza kuchomelea kwa kutengeneza mageti na madirisha maeneo ya Mwanjelwa. Akiwa na umri wa miaka 24 alinunua pikipiki ya zamani, Honda CG 125 iliyowahi kuwa mali ya mradi fulani wa maendeleo vijijini, ikiwa na kadi yake halali na namba yake ya MC, lakini imekufa. Akaifanyia kazi kwa miezi 8 nyuma ya nyumba ya mama yake. Mimi hufundisha masomo ya maendeleo na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitembelea karakana za mitaani kwa ajili ya kazi yangu; nilimtembelea mara nyingi, nikaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatazama.

Nilichokiona nakieleza kwa urefu, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo.

Kabla ya kugusa grenda alitengeneza kitanda cha chuma cha pembe, akakipima kwa maji ya lewo mpaka kikawa sawa, kisha akaifunga fremu nzima juu yake kwa boliti ili isisogee hata milimita moja itakapokatwa. Fremu ikikatwa bila kufungwa hujikunja, na ikijikunja gurudumu la nyuma halifuati la mbele, na pikipiki ya namna hiyo humvuta mpandaji upande mmoja maisha yake yote. Kabla ya kukata alimkalisha rafiki yake juu ya kiti akapima kimo cha ekseli ya nyuma huku shokapu zimebonyea kwa uzito wa mtu. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Mwalimu, nikiishusha nyuma kuliko hapa, shingo ya mbele inalala. Shingo ikilala, usukani unakuwa mzito na kona unaikata kama lori." Vitabu vya uhandisi vinalieleza jambo hilo kwa pembe na michoro. Yeye alilieleza kwa sentensi mbili, na alikuwa sahihi.

Alikataa bomba la maji, ambalo wengi wangelitumia kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Bomba hilo lina mshono wa kiwandani, na lile lililopakwa zinki hutoa moshi wenye sumu linapochomelewa. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka akapata bomba zito lisilo na mshono, lililotoka kwenye mtambo wa haidroli. Kila mahali pa kuungia alitia kipande cha bomba jembamba ndani ya bomba nene, kikae kama mfupa ndani ya mfupa, akatoboa matundu ubavuni ili chuma cha nje na cha ndani viyeyukiane na visitegemee mshono wa ukingoni peke yake. Rodi zake za kuchomelea alizikausha juu ya jiko la mkaa, kwa sababu Mbeya ya mwezi wa tatu ina unyevu, na rodi yenye unyevu huacha mapovu ndani ya chuma yasiyoonekana kwa macho. Kisha akafanya jambo lililonifanya nisimame kwenye ile ndoo. Alichomelea vipande kadhaa vya majaribio kwa bomba lilelile na rodi zilezile, akavikata katikati, akavipiga msasa mpaka vikang'aa, akavitazama kama moto umefika ndani. Viwili vilimridhisha. Cha tatu hakikumridhisha, akaongeza moto, akaanza upya.

Breki ya mbele aliiacha mahali pake, ingawa marafiki walimshauri aiondoe ili pikipiki ionekane safi zaidi kwenye picha. Kiti alikiwekea springi mbili za baiskeli. Nafasi ya abiria hakuiweka.

Wiki ya kwanza barabarani alikamatwa. Aliambiwa kwamba ile ni "chombo kisichotambulika", na kwamba ama airudishe kama ilivyokuwa ama aisahau. Kurudisha hawezi, sehemu ya nyuma aliyoikata iliuzwa kwa kilo. Alipouliza ni ofisi gani inayoweza kuikagua na kusema kama ni salama au si salama, alielekezwa dirisha moja, dirisha hilo likamwelekeza jingine, na la mwisho likamrudisha la kwanza. Nilifuatana naye siku mbili kati ya hizo. Hakuna aliyeinama kutazama mshono hata mmoja.

Tuyachambue maneno hayo, "chombo kisichotambulika". Namba ya fremu ya pikipiki kama hiyo imegongwa kwenye shingo ya usukani. Fundi wetu hakuigusa shingo. Alikata nyuma ya kiti. Namba ya fremu ni ileile iliyo kwenye kadi, injini ni ileile yenye namba ileile, na aliyeketi juu yake ndiye mmiliki halali. Kwa kipimo chochote cha usajili chombo hicho kinatambulika kuliko pikipiki nyingi zinazopita Kabwe zikiwa na injini ya tatu tangu ziingie nchini. Kisichotambulika ni umbo lake, na umbo si kifungu cha sheria.

Au tuchukue neno jingine ambalo aliambiwa: "haina viwango." Kampuni ya Harley-Davidson iliziuza pikipiki zake kubwa bila shokapu za nyuma mpaka mwaka 1957, shokapu zilianza na toleo la 1958. Pikipiki za kijeshi za Uingereza, BSA M20, zilizotumika katika Vita Kuu ya Pili, zilikuwa na mkia mgumu. Kwa hiyo kukosa shokapu za nyuma hakukifanyi chombo kuwa kitu cha kubahatisha. Ni njia ya kale, yenye mipaka inayojulikana: humchosha mpandaji, haifai barabara mbovu, haifai mwendo mkubwa wala mzigo. Mipaka hiyo ingeweza kuandikwa kwenye kadi kwa mistari miwili.

Na kama kosa ni kukata chesesi, basi hebu twende Arusha. Magari ya utalii aina ya Land Cruiser yanayowapeleka wageni Serengeti, na ambayo hupita hapa Iringa yakielekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mengi yake hayakutoka Japani yakiwa na urefu ule. Yalikatwa hapahapa Tanzania. Yalirefushwa, yakaongezewa viti, paa likainuliwa ili mgeni asimame na kamera yake. Kazi hiyo ni nzuri na naiheshimu. Imeajiri mafundi wengi na imekuwa ustadi unaosifika. Ninachouliza ni hiki: ni mkono gani wa sheria unaoweza kuona chesesi iliyokatwa ikiwa na watalii saba ndani na kuiita sekta ya kimkakati, kisha ukaona fremu iliyokatwa ikiwa na kijana mmoja wa Mbeya na kuiita uhuni? Ukiondoa mtaji, jengo lenye geti na mhasibu wa kodi, sioni tofauti. Tofauti hizo zina uzito, sikatai, maana anayejulikana alipo anaweza kuwajibishwa. Lakini basi tuseme hivyo waziwazi, tumpe na huyu njia ya kujulikana alipo, tusijifiche nyuma ya neno viwango.

Serikali yenyewe imekwisha kukiri kwamba ujuzi wa kijana huyu ni ujuzi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi wa mtaani hupimwa akiwa kazini, hujaziwa mapengo yake, hupewa cheti. Ni moja ya sera chache za elimu ninazozitetea darasani bila kusitasita. Tazama basi kinyume chake. Cheti kinasema mtu huyu anajua kuunga chuma. Kituo kinasema chuma alichokiunga hakiwezi hata kutazamwa. Tumemrasimisha fundi, tukaacha kazi ya mikono yake ikiwa haramu. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya uvuvi na kumkataza kuuza samaki.

Wasomaji wangu wanafunzi watasema, mbona tunawashangilia wabunifu? Kweli, tunawashangilia. Kila Agosti viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya hujaa watu wa Nane Nane, na tangu 2019 wizara yenye dhamana ya elimu imekuwa na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU. Fundi wa Tunduma aliyejenga helikopta kwa mikono yake alipigwa picha nchi nzima. Siyabezi hayo. Nasema tu kwamba shangwe ni rahisi kuliko ukaguzi. Kumpigia mtu makofi hakuhitaji mtu kuinama na tochi na kuutazama mshono, wala hakumwajibishi ofisa kuweka sahihi yake chini ya neno "salama" au "si salama". Ubunifu wetu unapendwa ukiwa juu ya meza yenye kitambaa, chini ya hema, na unachukiwa ukishafika barabarani, mahali ambapo hasa ulikusudiwa kufika.

Na sisi wa vyuo tusijitoe. Mbeya ina chuo kikuu kizima cha sayansi na teknolojia, MUST, kilichoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1986. SIDO, lililoundwa kwa sheria ya 1973 hasa kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi Mbeya na Iringa. Wahandisi wetu wanafunzi, popote walipo nchini, huandika miradi ya mwaka wa mwisho ambayo mingi huishia kabatini ikiwa na jalada jeusi na herufi za dhahabu. Ndani ya kilomita chache kutoka kwenye makabati hayo kuna mamia ya viungo vya kuchomelea vinavyobeba binadamu kila siku na ambavyo hakuna aliyewahi kuvipima. Ningependa kumsikia mwenzangu yeyote wa uhandisi akinieleza kwa nini hali hiyo ni ya kawaida.

Inauma zaidi ukikumbuka tuko wapi. Nyanda hizi si ngeni kwa chuma. Wafipa, majirani zetu wa magharibi, waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo mpaka karne ya 20, nao Wakinga milimani walikuwa wahunzi wanaojulikana, kabla ya jembe la kiwandani kutoka ng'ambo kuwafungia soko. Baada ya uhuru tulijenga Zana za Kilimo Mbeya, ZZK, ili majembe yatoke hapa, na hicho nacho kilinyamaza baada ya ubinafsishaji. Kule Ludewa uko mlima wa chuma wa Liganga. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa liliingia mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ili uchimbwe, na zaidi ya miaka 10 baadaye fundi wa Mwanjelwa alikuwa bado anatafuta bomba lake kwenye marundo ya chakavu. Kila tamko la uchumi wa viwanda ninalolisoma linaanza na mgodi, reli na tanuru kubwa. Hakuna linaloanza na mtu ambaye tayari anajua kuunga chuma na hana pa kukipeleka kikaguliwe.

Sasa nijibu pingamizi la kweli, maana lipo na ni zito. Ndugu mmoja mtumishi wa umma, mtu makini, aliniambia: "Mhadhiri, wewe hujawahi kuokota miili Mbalizi." Ananikumbusha mteremko ambao kila mkazi wa Mbeya anaujua, na ambao umekula watu wetu mara nyingi kuliko tunavyopenda kuhesabu. Hoja yake ni kwamba ukimruhusu mmoja mwenye akili, watakuja kumi wasio nayo: watakaorefusha shingo kwa fasheni mpaka usukani usigeuke, watakaounga kwa bomba la pazia, watakaong'oa breki na kubeba mchumba nyuma kwenda Tukuyu katika ukungu wa Isyonje.

Watakuja, ndiyo. Wengine wamekwisha kuja. Nimeona mimi mwenyewe fremu iliyopigwa rangi nzuri ambayo ningeogopa hata kuiegemea. Lakini pingamizi hilo linaniunga mkono bila kutaka. Leo hii aliyekausha rodi zake juu ya mkaa na aliyeunga kwa bomba la pazia wanatendewa sawasawa: wote hawana pa kukaguliwa, wote wakikamatwa hupoteza chombo au hutafuta njia ya pembeni. Katika hali hiyo hakuna faida yoyote ya kuwa makini. Anayetumia miezi 8 na anayetumia siku 2 wanapata malipo yaleyale, na kijana mwenye hesabu zake atachagua siku 2. Na zile pikipiki za mizigo nilizoanza nazo, zenye viungo vibovu kuliko vyote, hizo hata hazikamatwi. Kama tunalia kwa ajili ya Mbalizi, tuanze na bapa lililochomelewa kwa haraka chini ya gunia tano za viazi.

Nchi nyingine zimekutana na swali hili zikalijibu. Ujerumani, mabadiliko makubwa ya chombo hupelekwa kwa mtaalamu aliyeidhinishwa, akayapima, na yakikubalika yanaandikwa kwenye hati ya chombo. Uingereza ina ukaguzi wa chombo kimoja kimoja, na namba maalumu zenye herufi Q kwa vile ambavyo umri au asili yake haijulikani. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Sweden. Huko kuna chama cha wajenzi wa magari na pikipiki wenyewe, SFRO, ambacho wakaguzi wake hukipitia chombo cha kutengenezwa nyumbani kabla hakijafika mbele ya ukaguzi wa serikali wa usajili. Wajenzi hukaguana. Anayejua mahali pa kuficha ubovu ndiye anayetumwa kuutafuta. Sweden ni nchi yenye sifa kubwa ya usalama barabarani, na wakati huohuo ni mojawapo ya nchi zinazosifika kwa chopa duniani.

Marekani nayo inatufundisha jambo lingine, la uchungu. Chopa mashuhuri kuliko zote ni zile za filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969. Zilijengwa kutokana na pikipiki chakavu za polisi zilizonunuliwa mnadani Los Angeles, na wajenzi wake wakuu walikuwa Wamarekani weusi, Cliff Vaughs, aliyekuwa mwanaharakati wa haki za raia, na Ben Hardy, fundi mwenye karakana yake. Majina yao hayakutajwa kwenye filamu. Ilichukua miongo kadhaa umma kuyasikia. Mwaka 2014 pikipiki iliyosemwa kuwa mojawapo ya zile iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1, katikati ya ubishi kama ni halisi. Fedha zilimfikia mwenye hati. Hati ndiyo kila kitu katika biashara hii, na kijana wetu ndicho anachonyimwa.

Ninachopendekeza hakihitaji mgodi wa Liganga wala mkopo wa benki yoyote. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inampa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Itungwe kanuni fupi ya vyombo vilivyobadilishwa umbo, ianze kwa majaribio katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Mwenye nia ya kukata fremu aandikishe nia hiyo kabla ya kukata, kwa mchoro wa mkono, hata wa penseli. Fremu ikaguliwe ikiwa bado haijapigwa rangi, maana rangi ndiyo mficha maovu mkuu. Aje na vipande vyake vya majaribio, kama vile vitatu nilivyoviona, na maabara ya chuo cha ufundi au ya SIDO ivikate, ivipinde, itoe jibu la maandishi. Breki mbili ziwe sharti lisilojadiliwa, na shingo ya usukani isiguswe kabisa katika miaka ya mwanzo. Chombo kikifaulu, mkaguzi wa magari wa polisi aandike kwenye kadi: fremu imebadilishwa, hakibebi abiria, hakifanyi biashara. Kikishindwa, mwenyewe aelezwe kwa maandishi kimeshindwa wapi, arudi nyumbani kwake akarekebishe, asinyang'anywe.

Na kanuni hiyohiyo, kwa maabara hizohizo, iwafikie waliorefusha keria za viazi. Kwao itakuwa kazi kubwa zaidi na ya muda mrefu, maana wao ni wengi na hawawezi kusimamisha kazi wiki nzima wakisubiri jibu. Ndiyo sababu naona chopa ni mahali pazuri pa kuanzia: ni chache, wajenzi wake wana subira, na kila mmoja wao anatamani mtu wa kumwonyesha alichokifanya.

Ada ya ukaguzi iwe ndogo kuliko ile ambayo kijana angetoa kando ya barabara ili aachwe apite. Kiasi chenyewe maofisa wanaosoma ukurasa huu wanakijua kuliko mimi.